Mdogo wangu ana kifafa na anataka kucheza mpira, hii saa ya mkononi itasaidia?

BintiMoro:
Habarini wadau. Mdogo wangu wa kiume ana kifafa, yuko kwenye dawa, anaanguka mara mojamoja tu siku hizi. Sasa timu ya mtaa wamemuita na mama amegoma kabisa, anasema jua na kukimbia vitamuangusha. Shangazi yuko Marekani anasema atamtumia saa ya Embrace inayogundua mtu akishikwa na kifafa. Je mazoezi ni hatari kweli? Na hiyo saa akiivaa uwanjani inafanya kazi?

NesiWaKliniki:
Dada pole, ila mwambie mama apunguze presha. Mwaka 2016 jumuiya ya kimataifa ya kupambana na kifafa, ILAE, iligawa michezo kwenye makundi 3 na mpira wa miguu uko kundi la kwanza, lile lisilo na hatari kubwa ya ziada, kuogelea kundi la pili, kupiga mbizi na kupanda miamba la tatu. Kuna utafiti wa Norway wa 1994, wanawake 15 ambao dawa zilikuwa haziwatoshi, wakafanya aerobiki mara 2 kwa wiki kwa wiki 15, kuanguka kukapungua kipindi kile. Ni watu wachache na hakukuwa na kundi la kulinganisha so siwezi kukuambia mazoezi ni dawa, ila hofu ya mama haiungwi mkono. Wapo wachache ambao mazoezi yanawaangusha kweli, kwa hiyo mwende kwa daktari kwanza. Kinachowaangusha wengi ni kuruka dozi na kukosa usingizi, hayo ndo ya kumbana nayo.

BabaKijana:
Mwanangu naye ana kifafa na anacheza fulbeki. Kochi anajua, wenzake wanajua: mlaze ubavu, usimshike kwa nguvu, USIMTIE KIJIKO MDOMONI, hesabuni muda, ikipita dakika 5 mnampeleka hospitali. Mmoja ana kazi ya kurekodi kwa simu, daktari akiona video anaelewa kuliko sisi tukisimulia.

NesiWaKliniki:
Kuhusu saa, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliiruhusu 2018. Inapima mtikisiko wa mkono pamoja na umeme wa ngozi unaopanda na jasho, ikishtuka inatuma taarifa kupitia simu ya aliyeivaa kwa mtu wa nyumbani. Sasa uwanjani mkono unatikisika na jasho linatoka, hata kupiga mswaki au ngoma inaweza kulia bure. Na inalenga mashambulizi ya mwili mzima kukakamaa na kutetemeka, yale ya kuzubaa kidogo haitaona. Uwanjani macho ya wenzake yanatosha. Anaangukaga muda gani?

BintiMoro:
Asante sana dada nesi, na wewe baba. Mara nyingi usiku, na analala peke yake chumba cha uani.

NesiWaKliniki:
Basi mwambie shangazi aitume, aivae kitandani, na simu ya kupokea taarifa iwe ya mtu anayeamka upesi. Na huyo kijana ahamie ndani ya nyumba, hata kabla saa haijafika.