Mtoto wa ndugu anayeosha vyombo vyetu: afisa ustawi amwondoe au amwache?

Mleta mada (afisa ustawi wa jamii mstaafu, Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, naleta kwenu swali ambalo nimekaa nalo kazini kwa miaka mingi bila kukubaliana na wenzangu. Afisa ustawi wa jamii anapata taarifa kwamba katika nyumba fulani kuna mtoto wa miaka 12 anayefanya kazi zote za ndani. Anapofika, mwenye nyumba anaapa kwamba huyo ni mtoto wa kaka yake aliyeletwa mjini kusoma. Je, amwondoe mtoto siku hiyohiyo na kumfikisha mwenye nyumba polisi, au amwache mtoto pale na kuifuatilia familia?

Niwape mfano mmoja, nikificha yote yanayoweza kumtambulisha mtu. Tulifika saa nane mchana. Mama mwenye nyumba alitukaribisha vizuri, akaagiza soda, akamwita binti aje kutuamkia. Binti alisema shikamooni huku viganja kaviweka nyuma, na alipotoa mkono niliona ngozi ya vidole imechubuka kwa sabuni ya unga. Alikuwa analala stoo. Mchana godoro lake liliegemezwa kwenye gunia la mkaa. Nikauliza habari za shule, nikaambiwa ataanza Januari. Nikaomba karatasi ya uhamisho, au angalau namba yake ya PReM, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi huhama nayo kutoka shule moja kwenda nyingine. Hakukuwa na chochote, na binti alikuwa na miezi 14 katika nyumba ile, yaani Januari moja ilikwisha kupita.

Kwa maandishi ya sheria, jibu linaonekana jepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefikisha umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu zisizomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa anayemchukua mtu, anayemsafirisha na anayempokea kwa lengo la kumtumikisha, hata kama safari ilifunikwa kwa jina la ajira au mafunzo, na inasema wazi kwamba ridhaa ya mtoto au ya mzazi wake si utetezi. Kwa hiyo kauli ya "mama yake mwenyewe ndiye aliyenipa" haimwokoi mtu mahakamani.

Mimi niko upande wa kumwondoa, ila kwa sharti moja: asiondolewe na ofisi ambayo haina nauli ya kumfikisha kwao na nauli nyingine ya kwenda kumwangalia baada ya miezi mitatu. Binti yule tulimrudisha Singida, tukaandika ripoti, tukafunga jalada. Baada ya miezi minne nilimkuta kwa bahati katika foleni ya zahanati moja hapahapa Dar, amembeba mtoto wa mwajiri mpya. Aliyemleta mjini alikuwa mwanamke yuleyule aliyemleta mara ya kwanza.

Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro

Namheshimu mleta mada, lakini nadhani anachanganya mambo mawili. Mimi nilichukuliwa na shangazi yangu Tabora nikiwa na miaka 9, baada ya baba kufariki. Nilichota maji, nilisonga ugali, nilimbeba binamu yangu mgongoni, na nilisoma mpaka chuo cha ualimu. Afisa mwenye haraka angefika nyumbani siku ambayo nimechubuka vidole, leo nisingekuwa na darasa la kufundisha. Malezi ya ndugu yamewasomesha Watanzania wengi kuliko mradi wowote unaofahamika, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo wengi huinukuu upande mmoja tu, inamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia yake. Kila ndugu anayempokea mtoto wa kijijini akianza kutazamwa kama msafirishaji, kitakachofuata ni ndugu kuacha kupokea watoto, nao mayatima watabaki mikononi mwa nani?

Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto (nimeomba nisitaje mkoa)

Mleta mada ameanzia kwenye nauli, mimi naanzia kwenye usiku. Ukimtoa mtoto katika nyumba saa tatu usiku, atalala wapi? Kituo cha polisi si mahali pa kumlaza mtoto. Familia za kuaminika zilizoandaliwa kupokea watoto kwa dharura ni chache, makao ya watoto yanadai barua ya ustawi, na afisa ustawi mwenyewe anahudumia kata kadhaa kwa pikipiki ambayo mafuta yake hutegemea fungu la mwezi. Nimewahi kumlaza mtoto nyumbani kwangu pamoja na wanangu, jambo ambalo kiutaratibu ni kosa, na ningelirudia.

Hata hivyo siungi mkono kumwacha. Ninachopinga ni kuanza na shangazi. Kesi hizi huwa zinakufa hivi: shahidi mkuu ni mtoto, mtoto amerudishwa kijijini kilomita 700 kutoka mahakamani, wito unapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ni shemeji wa aliyemsafirisha mtoto. Shauri huahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha huondolewa kwa kukosa mashahidi. Wakati huo dalali, yaani yule anayewatoa watoto kijijini na kuwaleta kwenye nyumba za watu, hajaguswa, na dalali ndiye anayejua nyumba kumi nyingine. Katika shauri moja nililolipeleleza, mwenye nyumba alikuwa anatuma shilingi 40,000 kila mwezi akiamini zinamfikia mama mzazi. Tulipofuatilia miamala ya simu, namba ilikuwa ya dalali, na mama mzazi hakuwahi kuona hata shilingi moja. Alidhani mwanawe anasoma na kwamba yeye ndiye mwenye deni la shukrani. Kwa maoni yangu, saa 24 za kwanza zitumike kuchukua maelezo ya mtoto kikamilifu na kuishika simu ya mwenye nyumba, ndipo tuzungumze kuhusu basi la kumrudisha.

Mwanasheria, Mombasa

Huku kwetu Kenya tulidhani ukali wa adhabu ungemaliza ubishi. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Nilichokiona mtaani ni kwamba jirani anayejua kuwa mama wa nyumba ya pili aweza kufungwa miaka 30 kwa ajili ya taarifa yake hanyanyui simu, hasa ikiwa wanaswali pamoja na watoto wao husoma madrasa moja. Namuunga mkono askari kuhusu dalali. Nasita tu kuhusu simu: ipatikane kwa amri ya mahakama, la sivyo wakili kama mimi atauangusha ushahidi huo asubuhi moja.

Mkatisha tiketi wa mabasi, Singida

Mnaongea juu ya nyumba, lakini watoto hawa hupita kwanza mbele yetu. Mtu mzima mmoja anakuja alfajiri na mabinti watatu wasiofanana naye, mizigo yao ni mfuko mmoja wa rambo kila mmoja, na ana barua ya mwenyekiti yenye muhuri. Mimi si polisi. Nimuulize nini, nimpigie nani, na nikikosea akanishitaki kwamba nimemdhalilisha, nani atanitetea?

Mleta mada

Nianze na mwalimu, kwa sababu hoja yake ni nzito na nimeisikia mara nyingi kutoka kwa maafisa wenzangu ambao nao walilelewa na shangazi zao. Nilipokuwa kazini sikuwahi kumwondoa mtoto kwa sababu ya vidole vilivyochubuka. Nilikuwa nauliza: watoto wa kuzaa wa nyumba hii walikuwa wanafanya nini saa huyu alipokuwa anafua? Wewe na binamu zako, bila shaka, mlipokezana ndoo, na asubuhi mlivaa sare pamoja. Katika nyumba niliyoieleza, watoto watatu wa mwenye nyumba walikuwa shuleni, na binti alikuwa anafua sare zao. Hapo neno shangazi lilikuwa limebaki kuwa namna ya kumwita bosi.

Askari amenirekebisha na ninakubali. Tulimpandisha basi yule binti siku ya tatu bila kuchukua maelezo yaliyokamilika kuhusu aliyemleta, tukiona tumefanya wema, na ndiyo sababu mwanamke yule aliweza kurudi kumchukua. Kuhusu saa 24 bado nabishana naye: mtoto aliyetoka stoo jana hasemi leo. Wapo niliokaa nao siku nne tukichambua mchicha kabla hawajataja jina la mtu.

Ndugu mkatisha tiketi, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, nacho hakikudai uwe umemaliza upelelezi. Namba 116 ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Kuhusu cha kuuliza, mwachie mtu mzima barua yake yenye muhuri, kwa sababu muhuri wa mwenyekiti nimeuona kwenye karatasi nyingi za uongo. Mwulize mtoto, akiwa mbali kidogo, jina la shule anayokwenda kusoma na jina la mtu atakayelala kwake usiku huo. Akikosa yote mawili, piga kabla basi halijatoka hapo Singida, kwa sababu likishafika stendi ya Mbezi hapa Dar anapakiwa bajaji, na kuanzia hapo sisi huwa tunamsubiri jirani atoe taarifa.