Mrejesho: mashine za wagonjwa zilizokuwa zikipotea kwenye mtandao

Wakuu, niliuliza kuhusu mashine za kufuatilia mapigo ya moyo na oksijeni: mgonjwa akisukumwa kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, skrini ya wauguzi ilibaki tupu kwa sekunde kadhaa. Wengi mlisema tuongeze vituo vya waifai, yaani vifaa vinavyorusha mtandao.

Tatizo halikuwa uchache. Vituo vyote vilikuwa vimewekwa nguvu ya juu kabisa, hivyo mashine iling'ang'ania kituo ilikotoka badala ya kuhamia cha karibu. Tena vilitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambako chaneli (njia ndogo ndani ya masafa) zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo vituo jirani vilipigiana kelele. Fundi alipunguza nguvu, akahamishia mashine gigahezi 5 na kuzipa mtandao wao peke yake, tofauti na wa simu za wageni. Pia alikwepa chaneli zinazotumiwa pamoja na rada, maana kituo kikihisi rada ni lazima kiihame chaneli hiyo, na mashine zinaweza kukatika. Kwa wagonjwa mahututi hilo sikulitaka kabisa.

Sasa korido nzima mchoro wa moyo haukatiki. Kwenye lifti bado unakatika. Huko tumekubaliana muuguzi aandamane na mgonjwa, na kengele ya mashine yenyewe isizimwe, kwa sababu inalia hata mtandao usipokuwepo.

Aliyeshauri tupime mtandao milango ya chuma ikiwa imefungwa, asante sana. Bila hivyo tungepata vipimo vya uongo.