Bahari inapiga treni, gharama tunabeba abiria: reli ya Dawlish imenichosha!

Wakuu, habari zenu. Mnivumilie, uzi ni mrefu na nimeandika nikiwa na hasira.

Naishi Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka wa saba sasa. Mama yangu alikuja kunitembelea, na siku ya kurudi nyumbani nikamsindikiza kwa treni, ndege ya Dar ikiondoka Heathrow saa 12 jioni. Tulitoka Plymouth saa 4:30 asubuhi. Nilijua tutafika mapema na muda wa chai utabaki.

Tukafika Dawlish, mji mdogo wa pwani njiani kwenda London. Kwa ambao hamjapaona: reli imepita chini ya majabali mekundu, inaingia handaki moja inatokea jingine, na dirisha la upande wa pili ni bahari. Na si bahari ya kuitazama kwa mbali. Ni njia ya reli, ukuta, maji, basi. Siku hiyo ilikuwa bamvua na upepo ulikuwa unatoka mashariki. Treni ikasimama stesheni. Wimbi la kwanza likapiga ukuta, likapanda kupita paa la behewa, likatushukia na changarawe zake, zikagonga kioo kama mtu anarusha mawe. La pili hivyohivyo. La tatu likaondoka na taa, hita na injini. Kimya. Maji ya chumvi yanachuruzika kioo chote, abiria tunatazamana.

Mama, mzaliwa wa Pangani, akajifunga kitenge chake vizuri akaniuliza, "Mwanangu, nani huyu aliyeweka reli kwenye njia ya maji?"

Jibu ni Brunel, injinia wao mkubwa. Treni zinapita pale tangu 1846. Na msidhani bahari ilichelewa kumjibu: kufikia 1855 ilishabomoa ukuta kule Teignmouth, jirani tu. Sasa tupo karne ya ngapi?

Halafu hili la treni kuzima. Kuna aina ya treni zinapita pale ambazo vifaa vya breki ya umeme viko juu ya paa. Maji ya chumvi yakivimwagikia, umeme unapiga shoti na kompyuta inazima mitambo. Hili linajulikana miaka mingi, ndiyo maana bahari ikichafuka wanazikatishia Exeter, mji wa upande wa pili wa Dawlish, zisifike baharini. Siku yetu kuna mtu aliamua zipite. Tukakaa pale saa tatu, bila choo kinachofanya kazi, tukiambiwa "samahani kwa usumbufu" kwa spika iliyokuwa inakwaruza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba reli ni hiyo moja. Ikikatika Dawlish, Plymouth na jimbo zima la Cornwall, jirani zetu wa magharibi, tumekatwa na London. Februari 2014 dhoruba ilibomoa ukuta karibu mita 80, reli ikabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Mafundi wakapanga makontena yaliyojazwa kifusi kuzuia mawimbi, na bado ilichukua hadi Aprili 4 kufunguliwa. Miezi miwili! Bili ya ukarabati pauni milioni 35.

Na njia ya pili ilikuwepo, wakuu. Ilizunguka bara kupitia Okehampton na Tavistock, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1968 wakaifunga, wakang'oa reli, eti hailipi. Kipande cha Exeter hadi Okehampton wamekirudishia abiria 2021, lakini kutoka hapo kwenda Tavistock hakuna treni. Daraja refu la Meldon lililokuwa linabeba treni leo linabeba waendesha baiskeli. Hata miaka ya 1930 kampuni ya reli ya wakati huo ilipanga kukwepa Dawlish kwa kujenga njia ya ndani, vita ikaja, mpango ukafa. Vita iliisha 1945, jamani.

Nisiwe mnafiki: ukuta mpya pale mjini Dawlish, uliokamilika 2023, ni kazi nzuri. Uko juu zaidi, na mdomo wake umepinda kurudisha wimbi baharini. Gharama pauni milioni 80. Lakini ukuta hauzuii jabali la nyuma kuporomoka, na mwaka ule ule wa 2014 udongo uliporomoka kati ya Dawlish na Teignmouth wakati wanahangaika na ukuta. Bahari mbele, mlima nyuma, sisi katikati na tiketi zetu.

Basi. Tulivutwa hadi Exeter, tukabanana kwenye treni nyingine iliyojaa hadi mlangoni, tunafika Reading, stesheni ya kushukia kwenda Heathrow, saa 11:45 jioni. Ndege hiyo mwambieni kwaheri. Tiketi mpya ya mama nimelipa pauni 540, na usiku ule tukalala hoteli.

Nikaandika kudai. Kampuni wamenirudishia nauli ya treni, pauni 64. Ndege, hoteli, chakula: "hatuhusiki na hasara zinazotokana na ucheleweshaji." Nikauliza mbona mlituma treni ile huku mnajua udhaifu wake? Wakanijibu kwa barua ile ile, wamebadilisha tarehe tu.

Mdau yeyote wa UK aliyewahi kulipwa tiketi ya ndege kwa kesi ya namna hii, iwe kwa bima ya safari au mahakama ya madai madogo, anielekeze alianzia wapi. Picha za kioo kilichojaa changarawe ninazo, na tangazo la spika nililirekodi.