Meli ya abiria iliyostaafu ije Amu iwe ukumbi wa utamaduni: mwasemaje?

Mkunguni
Assalamu alaykum. Hoja hii imekaa barazani tangu Ramadhani na kila mtu yuwaisema pembeni, basi naileta wazi. Kuna wanaotaka itafutwe meli ya abiria iliyomaliza kazi, iletwe hapa Amu, yaani Lamu, kwenye mkondo wa Manda, itie nanga ikabili mji, iwe ukumbi wa mashairi, taarabu, maktaba na makumbusho ya bahari. Mimi naunga mkono. Baada ya Isha vijana wetu hawana pa kukutana ila gatini na simu mkononi. Na ndani ya mji wa kale huwezi kujenga ukumbi mkubwa, UNESCO imetuandika tangu 2001. Meli huja na kumbi zake na jiko lake. Dubai wana QE2, Long Beach kule Marekani wana Queen Mary, zote meli za abiria zilizostaafu. Sisi watu wa bahari twaogopa nini?

Fundi wa Matondoni
Mwanangu Mkunguni, wewe umeona picha, mimi nimeshika kutu. Jahazi la mti likichoka twalipandisha pwani, twatia kalafati, twapaka shahamu, larudi majini. Meli ya chuma utaipandisha wapi hapa? Na meli za zamani zina asbesto kwenye mabomba na kuta za injini. Vumbi lake hukaa kwenye mapafu miaka mingi kabla ya kuua. Atakayetumwa kuibandua ni kijana wa kibarua, kitambaa puani. Hiyo Queen Mary yenyewe ilifungwa wakati wa korona na mpaka leo haijafunguliwa, imeoza.
Tena kizazi hiki kinacholilia meli, kiulize mtepe ni nini. Hakijui. Mtepe wa Amu, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulivuka bahari bila msumari hata mmoja.

Kijana wa Gadeni
Mzee wangu, Queen Mary imefunguliwa tena 2023. Ni kweli matengenezo yalikadiriwa kwa makumi ya mamilioni ya dola, lakini tusizike kilicho hai. Ile meli iko pale tangu 1967.

Mpate
Sheikh Fundi, nakuheshimu kwa umri wako, ila hapo umenichoma. "Mtepe wa Amu" umeutoa wapi? Mtepe ni chombo cha Wabajuni, umeshonwa Faza, Siyu na Pate. Waamu mlikuwa mkipakia mizigo tu. Kila chetu kikipata jina mjini chageuka chenu.

Fundi wa Matondoni
Nimesema Amu kwa maana ya visiwa vyote. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Siyu. Usinifanye mwizi mbele ya watoto.

Mpate
Ungesema visiwa. Mgeni akisoma "mtepe wa Amu" aenda kuandika hivyo hivyo, na baada ya miaka kumi Faza haimo.

Nahodha wa Mokowe
Turudi kwenye maji. Mkondo una mafungu. Bamvua likipwa, boti za faiba zenyewe hutafuta ndia. Meli ya mita mia na zaidi itapwelewa, ilale ubavu. Kina kirefu kiko bandari mpya tu, kule walikochimba mita 17 na nusu, na kule hakuna mtu atakayekwenda kusikiliza shairi usiku.

Mkunguni
Si lazima ielee. Doulos, meli iliyoundwa 1914, imepandishwa nchi kavu kisiwa cha Bintan, Indonesia, na ni hoteli tangu 2019.

Mwalimu Mstaafu
Iwekwe nchi kavu wapi, mwanangu? Mbele ya nyumba za ghorofa mbili, ipite mnara wa msikiti? Halafu tunayo Ngome. Ilikuwa jela mpaka 1984, leo ni mahali pa umma. Tumeshawahi kugeuza jela kuwa ukumbi, na bado hatujaijaza. Tujaze hiyo kwanza.

Mkunguni
Ngome ni ua wazi, Mwalimu. Masika ikinyesha twende wapi?

Mvuvi
Nyote mwazungumza mahali pa kuiweka kana kwamba bahari haina wenyewe. Bandari ilipokuja tuliambiwa maendeleo. Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamua wavuvi walipwe zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu, maana maji yetu yalichimbwa bila sisi kuulizwa. Sasa chaja kingine, kwa jina la utamaduni. Nanga yake na minyororo yake italala juu ya nini? Taa zake usiku kucha zitafukuza nini? Mimi nyavu zangu nazitupa ng'ambo ile mnayoiona tupu.

Kijana wa Gadeni
Ami, hapo umesema haki, sina jibu. Lakini kwa Mpate ninalo. Vita vya Shela, Waamu walipowashinda Wapate, vimepita zaidi ya miaka 200 na wewe bado wavipigana. Mtepe ni wetu sote.

Mpate
Mshindi ndiye husema "vimepita". Na "wetu sote" ni neno jepesi kwa asiyejua hata kamba yake yasokotwa kwa nini.

Kijana wa Gadeni
Kwa makumbi ya nazi. Na gubeti yake, ncha ya mbele, ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, wazee wasema ni ngamia wa Mtume. Na ilichorwa mato, yaani macho. Na tanga lake lilikuwa mkeka, la mraba. Nimeyasoma Makumbusho ya Lamu nikiwa darasa la sita. Usinihukumu kwa mtaa wangu.

Mpate
Haya. Hapo nimekukubali.

Mkwe kutoka Kigoma
Naomba niingie, mimi nimeoa hapa. Kwetu kuna Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiunda Papenburg 1913, ikafika Kigoma vipandevipande, wakaizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Wapo waliotaka iwe makumbusho. Watu wa ziwani hawakuilia kama makumbusho, waliilia kama usafiri: nani atabeba dagaa na mananasi yetu? Meli unaipenda kwa sababu ilikubeba. Hiyo mtakayoileta Amu ilimbeba nani wa hapa?

Mkunguni
Swali hilo limenilaza macho, mkwe. Sikuwa nimelifikiri.

Binti Langoni
Kaka zangu na wazee wangu, shikamoo nyote. Nimesoma tangu juu na sijaona mtu aliyetuuliza sisi. Mwasema ukumbi wa utamaduni. Kirumbizi na goma ni vyenu, mwacheza uwanjani na kila mtu aona. Lelemama na vugo twafanya sisi kwa sisi, ndani. Meli yenye mgeni kwenye kila dirisha, na kamera, ni nani atakayevua buibui achezee huko? Wataleta watu wa kulipwa kuigiza harusi zetu, nao wataitwa utamaduni wa Amu. Nimeona harusi ya binamu yangu kwenye simu ya mtu asiyetujua. Nililia.

Fundi wa Matondoni
Mwanangu, pole sana. Hilo ni kubwa kuliko kutu yangu.

Mwalimu Mstaafu
Binti amesema. Kama ni pesa za kutafutwa, mimi naona afadhali zishone mtepe. Unguja waliunda mmoja 2003, ukakaa Beit al-Ajaib, na sehemu ya jumba lile ikaporomoka Desemba 2020. Hapa kwetu tuna mifano midogo tu kwenye kabati la kioo.

Kijana wa Gadeni
Tena twaweza. Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa pwani, limeundwa hapa hapa, likaingia majini 2018 na mwaka uliofuata likafika Unguja. Mikono ipo.

Mpate
Ukishonwa, ushonwe Faza.

Fundi wa Matondoni
Ushonwe Faza, mimi nitakuja kwa miguu yangu. Mbao nitazijua, tundu nitazitoboa. Kushona nitajifunza kwa atakayenifunza, sioni haya. Kinachonitisha ni tanga. Mkeka wa kulalia wasukwa kila nyumba, lakini mkeka wa kushika kaskazi usichanike ni kazi nyingine. Yupo mwanamke visiwani ajuaye bado?

Nahodha wa Mokowe
Kizingitini nilisikia yupo mmoja, miaka ya nyuma. Sijui kama yu hai.

Binti Langoni
Nyanya yangu husuka, na mamake alikuwa mtu wa Faza. Miyaa yake huianika paani mpaka sasa. Haoni vizuri, lakini vidole vyaona. Kesho baada ya Alasiri nitakwenda nimuulize kuhusu tanga, na nitamwambia ni Fundi aliyeuliza.