Mazoezi ya baiskeli ndani ya nyumba hapa Tanga: rola, traina au baiskeli ya ukumbini?

Mpanda_Chumbageni: Salaam ndugu zangu. Masika yakikolea, barabara ya Pangani haifai kwa mazoezi ya kasi, na ile ya Muheza ina malori mengi. Nataka kifaa cha kufanyia mazoezi ndani, nikijua kwamba umeme hukatika. Naomba ulinganisho wa waliovitumia.

Fundi_Ngamiani: Kaka, rola ni mapipa matatu, mawili chini ya gurudumu la nyuma na moja chini ya la mbele, yaliyounganishwa kwa mkanda. Haihitaji umeme, na kwa kuwa baiskeli haikufungwa popote, mpandaji ndiye anayelinda mizani. Akikanyaga pedali kwa nguvu zaidi kwa mguu mmoja kuliko mwingine, usukani unayumba papo hapo. Kwa kurekebisha upigaji wa pedali sijaona kifaa kinachoishinda, ingawa nyingi hazifanyi pedali ziwe ngumu vya kutosha kuiga mlima. Traina ni fremu inayoshika nyuma ya baiskeli yako ili ukanyage bila kusogea. Ile ya sumaku nayo haitaki umeme, ila inakula tairi: baada ya mazoezi makali utakuta vumbi jeusi la mpira sakafuni. Zile zinazotoa gurudumu la nyuma kabisa na kupokea cheni moja kwa moja ni tulivu na hupima wati, yaani nguvu ya kukanyaga, vizuri, lakini ni ghali, na nyingi hutegemea umeme.

Mama_Mazoezi: Mimi naitetea baiskeli ya ukumbini, ile isiyosogea. Gurudumu lake zito la mbele huzunguka bila kukatika, magoti hayapati mishtuko ya kukimbia, na asiyejua kuendesha baiskeli anaweza kuanza leo. Mazoezi ya kundi kwa baiskeli hizi yalienezwa na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipokuwa California.

Mwalimu_wa_Viungo: Wenzangu wamesema vyema, lakini kwa pwani yetu jambo zito kuliko kifaa ni joto. Barabarani upepo wa mwendo hukausha jasho na kuupoza mwili. Ndani upepo huo haupo, na kwa unyevu wa Tanga jasho hudondoka bila kukauka, moyo ukaenda mbio hata kama nguvu ya miguu haijaongezeka. Kwa hiyo nunua feni kubwa kwanza, ielekeze kifuani, ufanye mazoezi alfajiri. Umeme ukikatika, punguza ukali.

Faida halisi ya kukaa ndani ni kipimo. Mazoezi ya ndani ni ya zamani: mashine ya mazoezi ya Francis Lowndes ya mwaka 1796 kule Uingereza ilizungushwa kwa mikono na miguu. Mwaka 1954 Wilhelm von Döbeln wa Sweden alitengeneza baiskeli isiyosogea, yenye breki, iliyowezesha kazi ya mwili kupimwa kwa uhakika. Ndiyo maana leo unaweza kukanyaga dakika nne kwa nguvu na tatu polepole, ukarudia, bila bodaboda wala kona ya kukukatiza. Mwaka 2020 mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za ndani yalifanyika kwa mtandao, na bingwa wa wanawake alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini.

Mpanda_Chumbageni: Shukrani, mwalimu. Basi nachukua traina ya sumaku na feni. Je, tairi yangu ya barabarani itafaa?

Fundi_Ngamiani: Weka tairi kuukuu lisilo na meno, ulijaze upepo vizuri. Tandika taulo juu ya usukani pia, maana jasho lina chumvi na hula bolti za shingo ya baiskeli.