Mjadala: Makumbusho ya umma yaonyeshe vito ambavyo mwenyewe anaweza kuvinadi kesho?

Mleta mada: Wakuu, tuchukue vito vya Kihindi vya Sheikh Hamad bin Abdullah Al Thani wa Qatar. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliviweka kwenye maonyesho mwaka 2014, V&A (makumbusho ya Victoria and Albert) ya London 2015, ukumbi wa Grand Palais wa Paris 2017, kisha vikaenda Venice. Tarehe 19 Juni 2019 kampuni ya mnada ya Christie's ikanadi karibu vipande 400 vya mkusanyiko huo na kupata zaidi ya dola milioni 109. Katalogi za mnada hutaja maonyesho ambayo kipande kimepitia, na wanunuzi huilipia historia hiyo. Maana yake taasisi za umma zilimpandishia mtu binafsi bei ya mali yake. Napinga kabisa.

Sonara: Hapo tunatofautiana, mkuu. Kazi ya kundan, ufundi wa Kihindi wa kupachika mawe kwenye dhahabu, huwezi kuijua kwa picha. Fundi hujaza lakiri ndani ya gamba la dhahabu, hutandika foili (karatasi nyembamba) ya fedha, hulaza almasi juu yake, kisha hukandamiza utepe wa dhahabu safi pembeni ya jiwe mpaka ushikane wenyewe, bila kulehemu. Dhahabu yenye mchanganyiko haishikani hivyo, ndiyo maana husafishwa kwanza. Ukigeuza kipande, mara nyingi mgongoni kuna nakshi za enameli (rangi ya kioo iliyoyeyushwa) zinazogusa ngozi ya mvaaji na ambazo hakuna mwingine anayeziona. Mkufu ukilazwa kwenye kitambaa cheusi, nusu ya kazi imefichwa. Usimamishwe katikati ya kabati lenye kioo pande zote nne. Vitu hivi viko mikononi mwa watu binafsi. Wasipoviazima, tutavionea wapi?

Mhifadhi: Sonara ametaja lakiri na foili, na gharama inaanzia hapohapo. Lakiri hulainika kwa joto, kwa hiyo taa zikae nje ya kabati. Unyevu ukipenya chini ya jiwe, foili huingia weusi na almasi hupoteza mng'ao, na kuirudisha ni lazima jiwe ling'olewe. Kabati la MDF (mbao za nyuzi zilizogandishwa kwa gundi) nalo hutoa mvuke wa asidi unaokula lulu. Kila ubao, gundi na kitambaa hujaribiwa kwanza: sampuli hufungiwa kwenye chupa pamoja na vipande vya fedha, risasi na shaba na maji kidogo, nyuzi 60 za Selsiasi, siku 28. Risasi ikiota unga mweupe, ni asidi. Fedha ikiwa nyeusi, ni salfa. Kazi yote hii hufanywa na wataalamu wa makumbusho, na faida yake humfuata mwenye kito mpaka mnadani.

Mlinzi wa maonyesho: Ongezeni wizi. Tarehe 3 Januari 2018, siku ya mwisho ya maonyesho hayo huko Venice, wezi walichukua hereni na pambo la kifuani ndani ya kasri la Palazzo Ducale, wakatoka wakichangamana na wageni. King'ora kilichelewa. Kioo cha daraja la P6B, kipimo cha Ulaya cha ugumu wa kioo cha usalama, huhimili mapigo 30 hadi 50 ya shoka, lakini hakisaidii kitu kama kufuli ni dhaifu. Kihisi kiwepo kwenye kioo, kingine kwenye kufuli, kingine chini ya kito, kila kimoja na laini yake. Tena Uingereza ina dhamana ya serikali kwa vitu vya kuazimwa. Kito chini ya dhamana hiyo kikiibiwa, fidia inatoka kwa mlipakodi.

Mleta mada: Basi mkataba useme: kipande kisiuzwe kwa miaka 5 baada ya kuonyeshwa.

Sonara: Hakuna mkusanyaji mkubwa atakayesaini hilo. Al Thani tangu 2021 ana kumbi zake za maonyesho katika jumba la Hôtel de la Marine, Paris, hawabembelezi makumbusho.

Mhifadhi: Miaka 5 iachwe. Akiuza ndani ya miaka 3, arudishe gharama za majaribio, makabati na ulinzi, kwa hesabu iliyoambatishwa kwenye mkataba siku ya kusaini. Na uteuzi wa vipande ufanywe na msimamizi wa makumbusho, si wakala wa mwenye mali. Hilo la pili, kwangu, halina mjadala.