Wenye masikio yanayolia, muziki mnausikilizaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Miaka 14 nilikuwa fundi mitambo kwenye sherehe, kila Jumamosi nimesimama pembeni ya spika. Sasa sikio la kushoto linalia kama nyenje, usiku na mchana. Nilipopimwa, sauti nyembamba za kuanzia hezi 4,000 nimezipoteza. Daktari alinieleza kwamba vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na ubongo unajikaza kutafuta sauti isiyofika. Mlio unatokea hapo.

Nilizima sabufa miezi 8. Nyumba ikawa kimya, nyenje wakapata uwanja wao. Kilichonirudisha ni ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ya mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzangu. Ilimba ya kwetu ina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, ndiyo maana kila ikipigwa inabaki na mvumo. Niliiweka sauti ya chini kabisa usiku mmoja, mlio wangu ukazama ndani ya ule mvumo, nikashindwa kuutenga. Nililia, nakiri.

Tangu siku hiyo sauti siipandishi. Kwenye ikwalaiza naongeza kidogo sauti nyembamba na kushusha besi, maana besi ikizidi inafunika hata kale kadogo ninakokasikia.

Leteni yenu.

Kutoka Mpwapwa: Mimi yangu yameharibiwa na mashine ya kusaga, miaka 22. Navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Maongezi safi, ila kwenye kwaya kinanda kinayumba na filimbi inakatikakatika. Kumbe vilipangwa kwa ajili ya maongezi, vikisikia filimbi vinadhani ni mluzi wa kifaa chenyewe, vinaizima! Mwambieni mtaalamu awawekee programu ya muziki. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kuambiwa, na bado inaniuma.

Kutoka Kongwa: Poleni jamani. Mlio wangu ulianza nikiwa kwenye kwinini ya malaria, dozi ilipoisha ukapotea. Muulizeni daktari kuhusu dawa mnazomeza, msiache wenyewe. Na nta ikiziba sikio nayo inaleta mlio.

Mwanzisha mada: Asante mama. Niongeze hapo: sikio likizima ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usilale nalo ukisubiri lizibuke.

Kutoka Singida: Mimi nimebaki na sikio moja, la kulia. Miaka yote kwenye nyimbo za bendi za zamani gitaa moja lilikuwa halipo, nikadhani ni rekodi mbovu. Mwanangu akawasha sauti ya mono kwenye simu, pande zote mbili zikaja kwenye sikio langu zima. Wakuu, lile gitaa lilikuwepo! Nilirudia wimbo mmoja mpaka chaji ikaisha.

Mwanzisha mada: Kaka wa Singida, hiyo mono inakaa wapi? Nataka kumwekea na baba leo hii.

Kutoka Singida: Mipangilio, halafu Ufikivu, halafu tafuta sehemu ya sauti. Akishasikiliza, rudi utuambie.